Sura ya Tano: Safari Hupangwa Gereji – Kutoka Katwe, Kupitia Jangwa la Chalbi, hadi Pwani

Safari ya gari ya siku nyingi inayokusudia kupita jangwani na kufika pwani, ikipangwa na watu wanaokaa Kampala, haina budi kuanza na ukweli mmoja wa kijiografia: Uganda haina bahari, na ingawa eneo lake la Karamoja ni kame, jangwa halisi lililo karibu, yaani Chalbi, liko ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Kenya, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana. Kwa hiyo msafiri anayeondoka Katwe huvuka mpaka wa nchi, hupanda nyanda za juu za Timboroa zinazozidi mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, huteremka hadi kwenye joto la ufuo wa Turkana ulio kwenye mita 360 hivi, kisha hurejea kusini kupitia Nairobi ili ashuke taratibu hadi Mombasa na Malindi. Mzunguko huo, kwenda na kurudi, unakaribia kilomita 3,800, na kati ya hizo ni kama 500 tu zisizo na lami. Lakini ni hizo 500 zinazoamua karibu kila kitu kinachopaswa kutayarishwa.

Watu wengi hupanga safari ya namna hii kwa kuorodhesha mahali wanapotaka kufika: ziwa, jangwa, ngome ya kale, ufuo wenye mchanga mweupe. Sura hii inashikilia kwamba mpango ulio salama huanza upande wa pili, yaani kwa kuorodhesha mahali ambapo safari inaweza kukwama, kisha kujiuliza, kwa kila mahali, ni kitu gani kitakachohitajika hapo na ni nani atakayekuwa karibu kusaidia. Mpango unaoanza na vivutio huishia kuwa matamanio yaliyoandikwa kwenye karatasi, ilhali ule unaoanza na mikwamo huzaa hesabu ya maji, mafuta, uzito na siku, na hesabu hiyo ndiyo inayomfikisha mtu kwenye vivutio alivyovitamani.

Katwe na elimu ya kutengeneza

Katwe, mtaa ulio kusini mwa katikati ya jiji la Kampala kwenye barabara iendayo Entebbe, si mbali na Mengo na Kibuye, umejulikana kwa miongo mingi kama makao ya mafundi wa chuma. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni mtaa huo ulikuwa pia kitovu cha siasa na magazeti ya Waafrika, na watazamaji wa nje waliufahamu upya mwaka 2016 kupitia filamu iliyosimulia maisha ya mchezaji wa sataranji Phiona Mutesi. Kwa msafiri, hata hivyo, umaarufu wenye manufaa ni ule wa nyundo na moto: hapa ndipo vyuma chakavu vinapogeuzwa kuwa majiko, mashine za kusaga, mageti, matela na vipuri ambavyo dukani havipatikani au bei yake haishikiki.

Mgawanyo wa kazi jijini unafaa kueleweka kabla ya fedha kutolewa. Vipuri vilivyotumika, ambavyo wenyeji huviita spea, hutafutwa kwa kawaida katika soko la Kisekka na maduka yanayolizunguka, wakati kazi ya kukata, kukunja na kuchomelea hupelekwa Katwe. Keria, yaani fremu ya chuma inayofungwa juu ya paa la gari ili kubeba mizigo, hutengenezwa hapo bila mchoro wa karatasi: fundi hupima paa kwa kamba, huchora alama za chaki sakafuni, hukata mabomba ya mraba kwa msumeno au grainda, huyashikiza kwa nukta chache za moto ili aone kama pembe zimenyooka, na mwisho huchomelea maungio yote. Ustadi huo ni wa kweli, lakini una mazoea ambayo mpangaji wa safari ya jangwani anapaswa kuyazuia mapema. Fundi aliyezoea kutengeneza mageti hupenda chuma kinene, kwa sababu uimara wa geti hupimwa kwa unene wake. Keria iliyotengenezwa kwa mantiki hiyo huweza kufikia kilo 60 ikiwa tupu, na kila kilo iliyo juu ya paa hupandisha kitovu cha uzito, yaani ile nukta ambayo uzito wote wa gari huhesabiwa kana kwamba umekusanyika hapo, hivyo kulifanya gari kuwa jepesi kupinduka kwenye mteremko wa mawe.

Jambo la pili linahusu springi. Vipande virefu vya chuma vilivyopangwa tabaka kwa tabaka chini ya magari ya mizigo na magari mengi ya safari hupewa unyumbufu wao kwa kupashwa joto na kupozwa kwa kiwango maalumu kiwandani, na moto wa kuchomelea huufuta unyumbufu huo mahali unapopita. Kipande cha springi kilichovunjika hakichomelewi, hubadilishwa. Fundi mwaminifu atasema hivyo bila kuulizwa, asiyesema aulizwe. Kwa upande mwingine, mabano ya shokomzoba, ambavyo ni vifaa vinavyozuia gari lisiendelee kurukaruka baada ya kupita shimo, pamoja na fremu ya betri na vishikio vya ekzosi, vyote huweza kuimarishwa Katwe kwa gharama ndogo, na ni hivyo hasa vinavyopasuka kwanza kwenye barabara yenye matuta madogo ya mfululizo, kwa kuwa mtikisiko usiokoma hukichosha chuma hata pale ambapo hakuna pigo moja kubwa lililokipata.

Njia iliyopimwa kwa maji

Njia kati ya pwani na bara si mpya. Wafanyabiashara wa pwani, miongoni mwao Ahmed bin Ibrahim, walifika katika ikulu ya Kabaka Suuna II wa Buganda mnamo mwaka 1844, lakini walizunguka kusini kupitia Unyanyembe na Karagwe. Miaka zaidi ya 40 baadaye, msafara wa Sámuel Teleki na Ludwig von Höhnel uliondoka Pangani mwaka 1887 ukiongozwa na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pwani aliyezifahamu njia za kaskazini, na ukafika kwenye ufuo wa Ziwa Turkana mwezi Machi 1888. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini treni ya moja kwa moja hadi Kampala ilisubiri mpaka 1931. Katika safari hizo zote, urefu wa mwendo wa siku uliamuliwa na umbali kati ya kituo kimoja cha maji na kingine, na kanuni hiyo haijafutwa na injini, kwa sababu gari lililoharibika hurudisha abiria wake papo hapo kwenye mwendo wa miguu.

Ramani ya eneo hilo huwadanganya wanaoisoma kwa haraka. Mtu akitazama kutoka Moroto, mji mkuu wa Karamoja, huona kwamba Lodwar iko jirani na kwamba Chalbi iko ng'ambo tu ya ziwa, akadhani njia fupi ni kupita moja kwa moja. Ziwa Turkana lina urefu wa kilomita zaidi ya 250 na eneo la takriban kilomita za mraba 6,400, nalo halina daraja wala pantoni ya magari, kwa hiyo ufuo wa magharibi na ule wa mashariki ni safari mbili tofauti. Anayetaka Chalbi anapaswa kuuendea upande wa mashariki tangu mwanzo.

Upande huo nao una milango miwili. Mlango wa zamani hupita Maralal, Baragoi na South Horr, nao una mandhari ya kuvutia, ila unapita katika maeneo yenye historia ndefu ya wizi wa mifugo wa kutumia silaha. Karibu na Baragoi, mwezi Novemba 2012, polisi zaidi ya 40 waliuawa katika shambulio moja, na mwezi Februari 2023 serikali ya Kenya ilitangaza sehemu za kaunti sita, Samburu ikiwemo, kuwa maeneo yenye vurugu na hatari. Mlango wa pili ni wa siku za karibuni: kutoka Isiolo lami hupanda kaskazini hadi Laisamis kwenye barabara kuu iendayo Moyale, na kutoka hapo barabara ya changarawe ya zaidi ya kilomita 200 huelekea magharibi hadi Sarima, ilipo mitambo 365 ya umeme wa upepo yenye uwezo wa megawati 310, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019. Barabara hiyo ilipanuliwa ili malori yaliyobeba vipande vya mitambo kutoka bandari ya Mombasa yaweze kupita, na leo ni njia inayofikika zaidi ya kwenda Loiyangalani, mji ulio kwenye ufuo wa mashariki wa ziwa. Mpango unaoelezwa hapa unaichagua hiyo, ijapokuwa ni ndefu zaidi.

Kuchagua msimu unaokubalika na pande zote mbili

Jangwa, kwa maana ya kitaalamu, ni eneo ambalo kwa kawaida hupata mvua isiyozidi milimita 250 kwa mwaka, na Chalbi inakidhi kipimo hicho. Ni kitako cha ziwa la kale lililokauka, tambarare iliyofunikwa na utando wa chumvi na udongo mwepesi. Utando huo ukiwa mkavu hubeba gari kwa urahisi kuliko barabara nyingi za udongo za Uganda. Ukilowa, hata kwa mvua ya usiku mmoja iliyonyesha mbali kwenye miinuko ya Marsabit na kutiririka chini, hugeuka tope la kunata ambalo gari huzama ndani yake hadi ekseli. Dereva hutambua hatari kwa rangi: sehemu nyeupe iliyopasuka vipande vipande ni kavu, na sehemu yenye weusi wa unyevu, hata ikiwa juu yake pameshikana, haipaswi kukanyagwa. Mchana wa jua kali huongeza mtego mwingine unaoitwa mazigazi, yaani taswira ya maji inayotokea pale mwanga unapopinda katika hewa iliyopata joto karibu na ardhi, na ndiyo maana njia hapo hufuatwa kwa alama za magurudumu na kwa dira, si kwa kile kinachoonekana kung'aa mbele.

Pwani ina kalenda yake. Masika huanzia Machi na kumalizika Mei au Juni, vuli hutawala Oktoba hadi Desemba, upepo wa kusi huchafua bahari katikati ya mwaka, na kaskazi huleta joto na bahari tulivu zaidi kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Machi. Kalenda hizo mbili zikiwekwa pamoja, nafasi zinazobaki ni mbili: Januari na Februari, wakati jangwa ni kavu na bahari ni tulivu ingawa joto ni kali kila mahali, au Agosti na Septemba, wakati joto limepungua kidogo na kusi limeanza kulegea. Anayetaka kuogelea na kupanda mashua achague nafasi ya kwanza. Anayesafiri na watoto au wazee achague ya pili. Anayepanga safari ya mwezi Aprili, kwa sababu tu Pasaka imeangukia hapo, ajue kwamba ameichagua Chalbi katika mwezi wake mbaya kuliko yote.

Hesabu ya maji, mafuta na uzito

Hesabu ifuatayo inachukulia gari moja la dizeli linaloendeshwa kwa magurudumu manne, lenye tangi la lita 90 na abiria wanne. Sehemu inayohesabiwa huanzia Isiolo, ambako vituo vya mafuta ni vya uhakika, na kumalizikia Marsabit, ambako pia mafuta hupatikana pampuni. Katikati, dizeli huuzwa kwenye mapipa na chupa, kwa bei ya juu na bila hakikisho la usafi.

Kutoka Isiolo hadi Laisamis ni kama kilomita 165 za lami, na gari la aina hiyo likitumia lita 12 kwa kila kilomita 100, lita 20 zitatosha. Kutoka Laisamis hadi Loiyangalani, kisha North Horr, Kalacha, Maikona na Marsabit ni takriban kilomita 510 zisizo na lami. Asilimia 20 ikiongezwa kwa ajili ya kupotea, kurudi nyuma na matembezi, zinakuwa kama 610. Kwenye mchanga na mawe ulaji hupanda hadi lita 16 kwa kilomita 100, kwa hiyo lita 98 zitahitajika, na robo ya akiba juu yake inafanya jumla ya lita 122. Ukijumlisha na zile 20 za mwanzo, mahitaji ni lita 142, ambayo maana yake ni tangi lililojaa pamoja na jerikani tatu za lita 20. Akiba haiozi, wahenga walinena, na kwa dizeli kauli hiyo ina ushahidi, kwa kuwa lita zilizobaki Marsabit humiminwa tu kwenye tangi na safari ikaendelea.

Maji huhesabiwa kwa mtu na kwa siku. Lita tano kwa kila mtu, kwa kunywa na kupikia tu, ni kiasi cha chini katika joto linalokaribia nyuzi 40 za Selsiasi. Watu wanne kwa siku nne ni lita 80, siku moja ya dharura ni lita 20, na rejeta, yaani chombo kinachopoza maji ya injini, itengewe lita 10. Jumla ni lita 110. Ziwa Turkana lisihesabiwe kama akiba: maji yake yana magadi na floridi nyingi, na kando yake kuna mamba. Visima vya wafugaji wa Gabbra na Rendille navyo vina wenyewe na zamu zake, na msafiri mwenye gari hapaswi kumtangulia mchungaji aliyetembea siku nzima na ngamia wake.

Uzito ndio hesabu inayosahauliwa. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo maji peke yake ni kilo 110. Lita 60 za dizeli ya akiba ni kilo 51 hivi, abiria wanne ni kilo 280, matairi mawili ya akiba ni kilo 70, zana na vipuri ni kilo 40, mahema na vyakula ni kilo 80, na keria ya Katwe, isipodhibitiwa, ni kilo 60. Jumla inafikia kilo 691, kiasi kinachokaribia au kupita uwezo wa magari mengi ya familia yanayoitwa ya safari. Kwa sababu hiyo maji na mafuta hupangwa sakafuni, katikati ya ekseli mbili, na juu ya paa hubaki vitu vyepesi tu kama mahema na magodoro.

Gari linaloweza kutengenezwa njiani

Swali la gari gani linafaa hujibiwa na wengi kwa kutaja nguvu ya injini. Jibu linalotokana na mantiki ya Katwe ni tofauti: gari linalofaa ni lile ambalo fundi wa Marsabit, mwenye spana, nyundo na mashine moja ya kuchomelea, anaweza kulifungua na kulifunga. Magari mengi yanayotumika Uganda na Kenya ni yale yaliyokwisha kutumika Japani na kuteremshwa Mombasa au Dar es Salaam, na aina zilizozoeleka zina vipuri karibu kila mji. Injini mpya za dizeli zinazosukuma mafuta kwa shinikizo kubwa na kuongozwa na kompyuta hutumia mafuta kwa uangalifu, lakini mafuta machafu ya kwenye pipa huzijeruhi, na ugonjwa wao husomwa kwa chombo cha kielektroniki ambacho hakipo jangwani. Historia ya mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, inaunga mkono hoja hiyo: Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeyashinda mara tano kati ya 1973 na 1982, alishinda katika enzi ambayo gari lililobaki zima lilikuwa na thamani kuliko gari lililokimbia zaidi.

Orodha ya vipuri huwekwa fupi kwa kuuliza ni kitu gani kikiharibika gari haliendi. Mkanda wa feni, mipira ya rejeta, filta ya mafuta na ya hewa, boliti za springi, fyuzi, oili, mafuta ya breki na waya wa kufungia ni vya lazima. Matairi ya akiba yawe mawili, kwa sababu mawe meusi ya volkano kabla ya Loiyangalani hukata ubavu wa tairi, na pancha ya ubavuni haizibwi kwa kiraka cha kawaida. Kwenye mchanga, upepo wa tairi hupunguzwa kutoka kiwango cha kawaida cha pauni 32 hadi 35 kwa inchi ya mraba mpaka 18 au 20, ili tairi litandike na kugusa eneo kubwa zaidi la ardhi. Dereva akirudi kwenye mawe au lami bila kuujaza upya, tairi hupata joto na kupasuka, kwa hiyo pampu ya upepo inayotumia betri ya gari ni sehemu ya lazima ya vifaa pamoja na sepetu, jeki na ubao mpana wa kuwekea jeki ili isizame.

Mpaka, hati na watu wanaopaswa kuarifiwa

Raia wa Uganda wanaweza kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu uliokubaliwa na Kenya, Uganda na Rwanda mwaka 2014, ingawa pasipoti hurahisisha mambo pale ukaguzi unapokuwa mkali. Gari lina hati zake: kadi halisi ya usajili, barua ya idhini ikiwa mwenye gari si dereva, leseni inayoeleweka, kibali cha forodha cha kuingiza gari kwa muda, na bima ya kadi ya njano ya COMESA, ambayo humlinda mtu wa tatu atakayedhurika katika nchi wanachama nje ya nchi gari lilikosajiliwa. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisiachwe nyumbani. Vituo vya Malaba na Busia vina utaratibu wa pamoja unaomwezesha msafiri kumalizana na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, lakini foleni ya malori inayoujaza ukanda huo humshauri afike asubuhi mapema.

Fedha za simu hufanya kazi hadi katika vijiji vidogo vya kaunti ya Marsabit, lakini kati ya vijiji hivyo mtandao hukatika kwa saa nyingi. Ndiyo maana mtu mmoja aliyebaki Kampala apewe nakala ya ratiba, majina ya abiria, namba ya gari na saa ya mwisho ya kusubiri simu kutoka kila kituo, pamoja na maelekezo ya nani apigiwe saa hiyo ikipita. Hali ya usalama na ya barabara iulizwe upya Isiolo na Laisamis, kwa polisi, kwa madereva wa malori ya mifugo na kwa wenye maduka, kwa kuwa habari ya wiki iliyopita huenda imeshazeeka. Kadhalika, mpango huu unaishia Malindi na hauendelei kwa gari hadi Mokowe, kituo cha mashua za Lamu, kwa sababu tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 barabara hiyo imekuwa ikihitaji tahadhari ya pekee na maelekezo ya vyombo vya usalama.

Ratiba yenye nafasi ndani yake

Ratiba ya siku 18 inatosha bila kubana. Siku ya kwanza ni Katwe hadi Eldoret, ya pili ni Eldoret hadi Nanyuki kupitia Nakuru na Nyahururu, na ya tatu ni Nanyuki hadi Laisamis, tangi na jerikani zikijazwa Isiolo. Siku ya nne ni ya kufika Loiyangalani, na ya tano ni ya kupumzika hapo, kutazama maisha ya Waturkana na Waelmolo, na kukaza kila boliti iliyolegea. Siku ya sita hufika Kalacha kupitia North Horr, na ya saba huvuka Chalbi kuelekea Maikona na Marsabit, gari likiondoka alfajiri na kusimama kivulini saa za adhuhuri. Siku ya nane ibaki wazi Marsabit, kwa ajili ya matengenezo, au, kama hakuna kilichoharibika, kwa ajili ya msitu wa mlima huo ambako aliishi Ahmed, tembo aliyepewa ulinzi wa amri ya rais mwaka 1970. Siku ya tisa na ya kumi hutosha kufika Nairobi, na ya kumi na moja na ya kumi na mbili hupita Voi hadi Mombasa. Siku tatu zinabaki kwa pwani, yaani Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, magofu ya Gedi yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, na bahari yenyewe, kabla ya siku tatu za kurudi Kampala.

Siku tupu katika ratiba hiyo si za anasa. Mpango usio na siku tupu humlazimisha dereva kuendesha usiku ili kufidia muda uliopotea, na usiku kwenye barabara ya Nairobi hadi Mombasa, iliyojaa malori, ni hatari kuliko mchana wa Chalbi.

Chumvi mwanzo na mwisho

Jangwa na pwani, ambavyo huonekana kama mazingira mawili yasiyofanana, hukutana katika kitu kimoja kinachoshambulia gari: chumvi. Vumbi la Chalbi hujipenyeza ndani ya maungio ya chuma likiwa kavu na halina madhara ya haraka, lakini gari likifika Mombasa, unyevu wa hewa ya bahari huiyeyusha chumvi hiyo na kutu huanza, hasa pale ambapo fundi alichomelea bila kusafisha kovu la moto na kulipaka rangi ya kuzuia kutu. Dawa zake ni mbili na zote ni rahisi: maungio yote mapya yapakwe rangi kabla ya kuondoka Katwe, na sehemu ya chini ya gari ioshwe kwa maji baridi yenye msukumo mara mbili, kwanza Marsabit au Nanyuki na tena baada ya kuondoka pwani. Gari lisiegeshwe kwenye mchanga ulio chini ya alama ya maji kujaa, na zaidi katika siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, ambapo maji hupanda kupita kiwango cha siku za kawaida.

Kwa hiyo yeyote anayekusudia safari hii asianze kwa kulipia hoteli ya Malindi. Apeleke gari kwa fundi mwezi mmoja kabla, alipakie uzito wote uliohesabiwa hapa, aliendeshe kilomita 200 kwenye barabara mbovu ya udongo isiyo mbali na nyumbani, kisha alirudishe kwa fundi yuleyule ili kila kilicholegea, kilichopasuka au kilichovuja kionekane na kurekebishwa. Kasoro inayogunduliwa Katwe hugharimu nusu siku na fedha kidogo. Kasoro hiyohiyo ikingoja kugunduliwa kati ya North Horr na Maikona hugharimu maji, na maji hayo hayana duka la kuyanunulia.